Chupa Iliyokataa Kulala

Siku ya kwanza mume wangu alipokuja nyumbani kwa wazazi wangu, Anderlecht, mjini Brussels, bado hakuwa mume wangu, na alikuja na chupa mkononi. Balaa lote lilianzia hapo.

Wa kulaumiwa ni mimi. Kwetu Katanga, kule Kongo, mwanamume akiingia kwa wazazi wa msichana na kinywaji, hahitaji hotuba. Kinywaji ndicho kinachosema: nimekuja kumwomba mtoto wenu. Wazazi wakikifungua wakanywa, wamekubali. Kikibaki kimefungwa, basi na jibu limefungwa humo humo. Haya niliyajua tangu nikiwa mdogo Likasi, lakini sikumwambia neno. Nilidhani ataleta maua, kama Wazungu wote.

Yeye ni Mfaransa. Tulikutana kazini, hospitalini Jette, ambako mimi ni muuguzi na yeye huwafundisha wagonjwa kutembea upya baada ya upasuaji. Kwao wana shamba la mizabibu kusini-magharibi ya Ufaransa, na wamekuwa wakitengeneza divai nyekundu tangu enzi za babu wa babu wa babu yake. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo kijana yeyote mwenye adabu wa kwao angefanya. Alileta kitu kizuri kuliko vyote walivyo navyo.

Papa, baba yangu, aliipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akasoma karatasi ya chupa kuanzia juu mpaka chini. Alikuwa fundi wa umeme migodini, na mpaka leo husoma kila kitu kama vile kinaweza kumpiga shoti. Kisha akauliza, kwa Kifaransa chake cha siku za wageni, kama aifungue.

Mgeni wetu aliruka kwenye kiti. "Hapana, papa! Bado changa. Divai ya kwetu inataka subira. Inafaa kungoja miaka kumi."

Maman alisimama mlangoni na mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi. Papa alinigeukia polepole.

"Dix ans?" alisema. "Mutoto, weye uko na trente et un ans." Miaka thelathini na mmoja, kweli.

"Papa, divai njo inangoja dix ans. Si yeye."

"Mi sikusema kitu. Chupa njo imesema." Akaiweka juu ya kabati la televisheni, imesimama wima, sentimita chache kutoka kwenye shofaji, kile chuma cha kupasha nyumba joto, ambacho katika jengo letu huwaka kuanzia Oktoba mpaka Mei na hakuna mpangaji anayejua inazimwa wapi.

Tukiwa kwenye metro nilimweleza mwenzangu alichokifanya. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Kwa hiyo nimekuomba uwe mke wangu?"

"Ndiyo. Kwa heshima zote."

"Halafu nikamwambia baba yako angoje miaka kumi."

"Ndiyo."

Tulipita vituo vitatu. Kisha akasema, akiangalia viatu vyake, kwamba hata hivyo alikuwa anataka kuniomba, ila alipanga kuanza na mimi. Nilicheka mpaka mama mmoja akahama kiti. Nilikuwa namtaka mwanamume huyu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilijua pia kwamba bila ndiyo ya Papa sitaolewa. Wenzangu kazini waliniambia hayo ni mambo ya kizamani. Sawa. Wao wana baba zao, mimi nina wangu.

Basi vikaanza vita vya chupa. Kila Jumapili mchumba wangu alikuja kula, na kila Jumapili macho yake yalikwenda moja kwa moja kabatini. Divai ya namna ile hulazwa, aliniambia, ili kizibo kisikauke, tena mahali pa baridi na giza, hata chini ya kitanda. Nikamjibu mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Papa hainami. Kwa hiyo alivizia. Papa akienda kunawa mikono, yeye alisimama haraka, akailaza chupa upande wa mbali na shofaji, akarudi kukaa na uso wa malaika. Papa alirudi, akaiona, akaisimamisha. Hawakuwahi kusemezana juu yake. Mmoja alaza, mwingine asimamisha, na Maman katikati akigawa sombe, majani yetu ya muhogo.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. "Papa, iache ilale tu. Inaharibika."

"Muntu mwenye kuja kuomba halale," Papa alisema. "Anasimama mpaka bamujibu."

"Sasa si umujibu!"

Aliishusha chupa, akaniwekea puani. Chini ya picha ya nyumba yenye mabomba mawili ya moshi palikuwa na maandishi ya dhahabu: de père en fils. Kutoka baba hadi mwana.

"Soma. Chupa inasema baba na mutoto. Mutoto minamuona kila dimanche, anakula samaki yetu. Baba iko wapi?"

Kumbe ndiyo hayo! Wiki nzima nilijitukana. Miaka kumi ilikuwa utani wake tu. Kilichomkaa Papa kooni ni kwamba mwanamume alikuja kuomba peke yake, kama mtoto wa kuokotwa, bila mzee wa kumsemea.

Tatizo ni kwamba maneno yale ya dhahabu yalikuwa kidonda hata upande wa pili. Mwana huyu ndiye aliyetakiwa kulirithi shamba. Tangu alipochagua magoti ya watu badala ya mizabibu, baba yake alikuwa anampigia simu kuzungumzia hali ya hewa, basi. Kumwambia "njoo Brussels unisemee" kulimchukua miezi. Nilimwona akishika simu na kuiweka, akishika na kuiweka, na nilimhurumia, lakini sikumsaidia. Kuna simu ambazo mtu hupiga mwenyewe.

Mzee wake alikuja Jumapili moja ya Februari, msimu wa pili wa baridi tangu chupa ile iingie nyumbani. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mipana yenye rangi ya zabibu ndani ya nyufa, na alibeba sanduku la chupa sita. Maman alikuwa amezunguka Chaussée de Wavre yote, barabara ya maduka ya Waafrika, akitafuta kitenge cha kumpokelea na samaki wa kumlisha. Mzee alimwamkia kila mtu, akakaa, akainua macho, akaona kabati.

Alisimama. Akaenda kuigusa chupa. Ilikuwa na joto kama chupa ya maziwa ya mtoto. Alimtazama mwanawe, na mwanawe akatazama zulia.

"Nimeleta nyingine," mzee alisema kwa upole. "Za zamani zaidi, ziko tayari."

"Asante," Papa akajibu, naye kwa Kifaransa. "Tutazinywa. Lakini hii ndiyo iliyoomba, na hii ndiyo itakayojibiwa. Na kwetu mwenye kuleta kinywaji ndiye anayekionja kwanza."

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Kuhusu divai hawakusema kitu. Kizibo kilitoka vipande vipande, na harufu ikanifikia mlangoni nilipokuwa nimesimama na bakuli la pilipili. Ilikuwa siki. Maman, ambaye tangu aokoke hanywi kitu chenye nguvu kuliko Fanta, alivuta pumzi na kusema, "Inanukia muzuri!"

Papa alimjazia mgeni bilauri mpaka juu, kama unavyomjazia mtu unayemheshimu. Nilitaka sakafu ipasuke. Mzee aliinua bilauri kwenye mwanga, akaona rangi ya kahawia, na nikamwona akielewa. Akanywa. Koo lilipanda, likashuka. Jicho moja lilitoa chozi.

"Iko namna gani?" Papa aliuliza.

Mzee alifikiri. "Tangu nizaliwe," alisema, "sijawahi kunywa divai kama hii."

Na akaendelea kunywa, pole pole, mpaka tone la mwisho. Kisha Papa akajaza ya kwake, akanywa yote bila kukunja uso. Mchumba wangu alipoonja alianza kukohoa, nikamkanyaga mguu. Papa akafuta mdomo.

"Bon. Mutoto ni wenu."

Vigelegele vya Maman vilimfanya jirani agonge ukuta. Mimi nililia na bakuli langu la pilipili, na kwa kujifuta macho kwa mkono ule ule nililia mara mbili.

Tulipokaa kula, mzee akimega bukari kwa vidole kama mwenyeji, aliuliza kinywaji hiki kwa lugha yetu kinaitwaje. "Divai," Maman akasema. "Du vin?" mzee akauliza. "Hapana, papa, divai." "Ndiyo, du vin." Walirudishiana hivyo mpaka Papa akaweka mkono kichwani. Miaka sitini anaimba mukate na divai kanisani, na siku hiyo ndipo aliposikia "du vin" ya Kifaransa ndani ya "divai".

Wageni walipokuwa wakinywa kahawa nilikwenda jikoni kuosha vyombo. Papa akaja, akafunga mlango, akachukua kitambaa.

"Ile divai ilikuwa siki," alisema.

Bilauri nusura initoke mkononi. "Papa! Ulijua?"

"Mi niko na ulimi, mutoto. Na niliangalia sura yake. Muntu wa mizabibu, tangu bankambo yake, babu ya babu, anakunywa siki mbele ya batu, na anamaliza, na hasemi kitu, juu ya mutoto yake asipate haya. Angetema, tungecheka, ningefungula ingine. Lakini weye singekupatia."

Nilimpa bilauri. Akaanza kuipangusa, ndani na nje, akiishika kwenye mwanga kama alivyofanya yule mzee.

"Na weye, Papa? Ulimaliza juu ya nini, kwa ajili ya nani?"

"Ee," alisema. "Yeye alikunywa juu ya wake. Na mi nikakunywa juu ya wangu."