Majeraha Mawili ya Bondeni

Asubuhi ile ya Jumapili kaka yangu Ongeri alikuwa akigeuza maua ya pareto juani, na mkewe, Moraa, akipepeta wimbi mlangoni. Sabato yetu ya Jumamosi ilikuwa imepita, kwa hiyo hapakuwa na aliyekaa bure. Binamu yetu Mogaka alifika kutoka Masimba na habari kwamba ng'ombe wa shemeji yake wamevushwa mto. Hakuna aliyeshtuka. Wizi wa mifugo kati yetu na jirani zetu wa ng'ambo ulikuwa na umri mkubwa kuliko sisi sote. Baada ya majuma machache, hata hivyo, nyumba zilianza kuchomwa pande zote mbili, na wanaume wa milimani wakateremka kulinda vivuko.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Shule ilipofungwa, nilipewa kazi ya kuwapelekea walinzi chakula.

Kituo cha chini kabisa kilikuwa kando ya matete na maji yaliyotuama. Kwetu juu, baridi iliwapunguza mbu. Pale bondeni walijaa. Ongeri aliugua malaria, akameza klorokwini aliyopewa na dresa wa zahanati, akapata nafuu, akarudi zamuni. Akaugua tena, na tena akarudi.

Wazee waliopanga zamu walikuwa wameona kwamba watu wa nyanda za chini, upande wa ziwa, huishi na malaria bila kuangushwa nayo kila mara. Wakakata shauri kwamba aliyekwisha kuugua na kupona amekomaa: huyo ndiye alinde bondeni, na wasiowahi kuugua wabaki juu. Mpango huo ulikuwa na huruma na mantiki. Ulisahau tu kwamba mtu wa nyanda za chini huipata kinga ile kwa kuugua tangu utotoni, na kwamba wengi hufa kabla ya kuipata. Ongeri hakuwa na utoto wa namna hiyo. Kila homa ilimpunguzia damu na kuushughulisha mwili wake, hata ukabakiwa na nguvu chache za kupambana na ugonjwa mwingine wowote. Hayo niliyasoma baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba viganja vyake vimepauka.

Siku moja, mchana, Mogaka, ambaye hakuwa amewahi kuugua, alishuka pamoja nami kutoka kituo chake cha juu ili amsalimu Ongeri.

"Mura, kijana wetu, mbu wa hapa wanakuita kwa jina," alimtania.

"Wananiheshimu. Wewe kaa huko juu, ukanenepe."

"Umekonda mpaka kivuli chako kinakutafuta."

"Basi mwambie Moraa alete ugali wa wimbi. Maneno yako hayashibishi."

Tulikuwa bado tunacheka.

Nyasi za ng'ambo zilitikisika.

Mshale wa kwanza ulimpata Mogaka mkononi, juu ya kiwiko. Wa pili ulimpata Ongeri, karibu mahali pale pale.

Nililala kifudifudi. Sikuona uso wa mtu.

Kisha kukawa kimya.

Dresa aliwafunga wote wawili jioni ile, kwa dawa ile ile. "Ni nyama tu," alisema. "Mtarudi kulima."

Kidonda cha Mogaka kilikauka. Cha Ongeri kilivimba, kikatoa usaha, na homa ikampanda. Ya malaria au ya kidonda, hakuna aliyeweza kuzitenganisha.

"Mbona cha Mogaka kimefunga?" Moraa aliuliza.

"Mwenzake alikuja na mwili mzima, mama," dresa alimjibu. "Huyu malaria imeuchosha mwili wake, hauwezi tena kujitetea."

Ongeri alifariki mchana mmoja, Moraa akiwa amemshika mkono.

Tulimzika nyuma ya nyumba yake, karibu na migomba. Sala ilipokwisha, vijana waliinuka na pinde zao. Mogaka alikunja mkono wa shati.

"Tazameni. Siku moja, mshale wa namna moja, dresa mmoja. Mimi nimechimba kaburi hili kwa mkono huu. Mnakwenda kumlipiza nani?"

"Umekuwa mwoga, bwana."

"Mwoga aliye hai. Ketini."

Baadhi yao walikaa. Wengine walishika njia ya mtoni, na si wote waliorudi.

Moraa hakuwatazama waliokaa wala waliokwenda. Aliwauliza wazee ni nani aliyewekwa bondeni mahali pa mumewe. Wakamtajia jirani mmoja, baba wa watoto, aliyekuwa ametoka kupona homa.

"Mtoeni," alisema.

Mzee mmoja akaeleza, kwa upole, kwamba mtu huyo ameshazoea.

"Na wangu alikuwa amezoea. Mtoeni."

Walimtoa, na tangu siku ile aliyetoka kuugua alipumzishwa nyumbani mpaka nguvu zimrudie. Hiyo ndiyo faida pekee ninayoweza kuiweka upande wa pili wa mizani. Nimeipima mara nyingi katika miaka hii. Haimfikii Ongeri, lakini jirani yule aliwalea watoto wake.