Fundi wa Flapu Anataka Kutua

Miaka kumi na moja fundi amezirekebisha jeti za watu, na hajaitua hata moja. Ni ndege za rimoti, urefu wa meza ya kulia, lakini bei yake si ya mchezo. Ndiyo maana wenyewe humwachia mama huyu bisibisi, rimoti wakaikumbatia kama mtoto mchanga.

Asubuhi hiyo daktari wa meno alileta jeti nyekundu kwenye kibanda cha fundi cha kutengeneza redio, nyuma ya maduka ya vipuri.

"Mama, nikishusha flapu inalalia kushoto, pua nayo inapanda. Natua kama mlevi anayetafuta kitanda. Ikinishinda na leo, utaitua wewe."

Fundi akajifanya hakusikia. Flapu ni vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa ili ndege ipunguze mwendo bila kuanguka. Akaweka rula: kulia milimita arobaini na moja, kushoto thelathini na nane. Inayoshuka zaidi ndiyo inayoinua bawa lake, ndege ikalalia upande wa pili. Akazilinganisha.

Dada yake, aliyekaa kizingitini akichambua nyaya kuukuu, akacheka. "Mganga hajigangi! Wenzio wanaruka, wewe unahesabu milimita."

"Milimita ndizo zinazokulisha, dada."

Lakini neno lilimwingia.

Jioni, kiwanjani, jeti haikulalia upande tena. Ikabaki pua. Tiba yake ni kuiamuru rimoti isukume mkia kidogo kila flapu zinaposhuka, na kipimo hakipatikani mezani, hupatikana juu kwa juu. Daktari akishusha, fundi akibonyeza namba kwenye rimoti hiyo hiyo. Tatu: pua juu. Tano: bado. Daktari alilowa jasho.

"Mama, naona hii utaitua wewe!"

Fundi alijua jibu ni saba. Aliliona kwa jicho, kama mshonaji anavyoona kiuno cha mteja. Angeiacha kwenye tano, rimoti ingekuwa mkononi mwake kabla ya dakika kuisha. Kidole kikasita. Kisha kikabonyeza mara mbili, maana kazi mbovu haimtaji mwenye mali, humtaja fundi.

Jeti ikatua laini kama kitambaa kilichoangushwa kitandani.

"Kumbe rahisi hivi!" Daktari alikuwa anachekelea.

"Basi niachie raundi moja, niitue."

"Siku nyingine, mama. Mafuta yamekwisha."

Akalipa vizuri, akaondoka. Fundi akabaki anautazama mstari wa lami ndege zinapotua, viganja vikimwasha. Alijilaumu, si kwa ile saba, bali kwa kutopatana kwanza. Hata muuza nyanya hupatana kabla hajafunga mfuko.

Wiki iliyofuata akaja mkandarasi, kabeba jeti kubwa zaidi. Flapu zimepinda, zinaonekana tangu mlangoni. Bisibisi haikutoka mfukoni.

"Kwanza tuelewane. Nikimaliza, nani anaitua?"

"Mimi, si ni yangu? Wewe sema bei."

"Hiyo ndiyo bei. Kutua mara moja."

Mkandarasi akacheka, akaona anacheka peke yake. Akaibeba jeti yake, akatoka.

"Mwite, wewe!" dada akanong'ona. "Mteja anaenda!"

Fundi hakuita. Mteja anayeitwa arudi hushusha bei. Mikono aliikunja juu ya meza, akasikiliza. Mlango wa gari ukafunguliwa. Akangoja usikike ukifungwa.

Haukufungwa; hatua za miguu zikarudi kibandani. Fundi akaivuta rula karibu.