Nywele Nyuma ya Picha ya Afisa wa Meli

Jamani, nilivyofunua lile kopo nilipiga ukelele! Nilikuwa nimenunua vifungo tu, kopo zima la biskuti, kwa bibi mmoja Mreno wa mtaa wa Rosettenville aliyekuwa anahama. Mimi ni fundi cherehani, vifungo ndio ugali wangu. Kumbe katikati yake kalala mwanamume! Picha ndogo kuliko yai, imechorwa kwa rangi juu ya kipande cha pembe ya ndovu, ina fremu ya dhahabu na kioo. Koti la buluu, mashavu mekundu. Nikamsogeza dirishani, nikavaa miwani, nikaenda moja kwa moja kwenye vifungo vyake, kwa mazoea. Vina nanga! Afisa wa meli za kivita, wa enzi za babu wa babu, kaingia jikoni kwa mama mkwe wangu!

Na hapo kwa mama mkwe ndipo palipokuwa na kazi. Mume wangu nilimpata Morogoro alipokuwa uhamishoni. Makaburu walipoachia nchi yao tukaja Johannesburg, tukafikia kwa mama yake. Majirani wakamjaza maneno: Watanzania wachawi, huyo kamfunga mwanao. Mama hakunifukuza, lakini wala hakunipokea. Nilikaa mguu ndani, mguu nje.

Sasa mimi na kiherehere changu, nikaigeuza picha. Nyuma kuna kioo kingine, na ndani yake nywele! Za kahawia, zimesukwa, zimezungushwa vizuri. Mungu wangu! Kwetu nywele za mtu huchomwa au hufukiwa, na kwao vilevile. Anayezificha ana lake jambo. Nikataka kuitia mfukoni upesi. Nimechelewa, mama yuko nyuma yangu.

"Makoti," akasema, maana ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto wao, "nywele za nani hizo?"

"Sijui, mama! Haki ya Mungu sijui! Za Mzungu huyu!" Kizulu changu chote kikanitoroka. Namwonyesha kopo, namwonyesha vifungo, namwonyesha nanga, jasho linanitoka. Nilijua nisipoaminika hapo, sina ndoa.

Aliichukua picha, akaitazama mbele na nyuma, taratibu.

"Huyu alikwenda mbali," akasema. "Kuna mtu alibaki anamngoja."

Akaingia chumbani. Nikasikia kabati linafunguliwa. Akarudi na leso iliyopigwa fundo, akaifungua mezani mbele yangu. Nywele nyeusi, fupi.

"Za mumeo. Nilimnyoa siku ile anatoroka. Nikasema, wakija kuniambia amefia huko, nipate cha kuzika."

Nikaangua kilio. Yeye akanisukuma bega. "Eish, unalia nini? Saa hizi ana kipara, nywele zake zimebaki hizi tu!" Tukacheka, tukashikana, vifungo vikamwagika sakafuni na hakuna aliyeviokota.

Kisha akaifunga leso, akaniwekea kiganjani, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Kazichome wewe, mwanangu," akasema. "Mkono wangu umekataa miaka yote hii."