Dua ya Mgonjwa wa Kwenye Tivii

Nyumbani kwetu Mji wa Kale rimoti naishika mimi, lakini mwenye amri ni kikohozi cha mama yangu. Tamthilia ya vijana ikifika pabaya, yaani msichana amepata mimba, mvulana amevuta kitu, au mtu ametaja kujiua, Mama hukohoa nami huzima sauti. Hubaki tukitazama midomo ikicheza mpaka aibu ipite. Binti yangu wa sekondari husema tumelia misiba mingi ya watu bila kujua waliuawa na nini.

Mimi tamthilia hizi hunitia hasira. Karibuni kulikuwa na moja ambayo msichana wake alijifungia chumbani, hali wala hasemi. Alilia kila kipindi, nywele zimechanwa na wanja umekaa pale pale.

"Deko tu hilo," nilisema. "Angepewa sufuria za kusugua angepona."

Binti yangu aliinuka akaenda kulala. Siku hizo alikuwa akilala sana. Kumwamsha kwenda shule ilikuwa vita, na sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Mimi, mjuzi wa mambo, nilimpa dawa ya minyoo.

Mama naye alimpenda yule wa tivii kama mjukuu wake. Alikuwa akiwagombeza wazazi wa msichana kwenye kioo: "Msomeeni mtoto Kurani! Mwaketi tu?" Alipoona hawamsikii, alimpeleka darsani. Wanawake wa mtaani hukutana kusoma baada ya alasiri, na mwisho wa darsa kila mtu hutaja mgonjwa wake aombewe. Mama akataja wake: kijana wa kike, hali chakula, hatoki chumbani, kutwa kulia. Hakusema anamwona wapi.

Wenziwe waliitikia amina, na hakuna aliyeuliza ni mtoto wa nani. Kwetu ukiumwa na tumbo utaulizwa mpaka ulichokula juzi. Yakiwa ni ya akili, watu hutazama chini wakakusitiri. Hawaulizi, huja tu.

Na kesho yake walikuja. Jirani wa juu aliingia na chupa ya uji wa mchele. Mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa pale chini alileta marashi ya mawaridi. Binamu yake Mama alitoka Kizingo kwa gari, akaliacha barabarani na kuingia vichochoroni kwa tuktuk, amepakata mkate wa sinia. Wote walivua viatu kimya kimya, kama walioingia kwenye nyumba ya msiba.

"Mungu amuafu," jirani aliniambia kwa kunong'ona. "Yu wapi muwele wetu?"

"Muwele gani?"

"Usinifiche, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Hapo nilipandwa na mori. Nikasema kwa sauti iliyofika dukani kwamba nyumba hii haina mgonjwa, na mtoto wangu ni mzima wa afya. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

"Ya Rabi," alisema, "mwamuombea yule wa kwenye tivii!"

Kicheko kilianzia kwa binamu, kikamkumba mke wa Mhindi, hata mimi nikashindwa kujizuia. Katikati ya kicheko hicho mlango wa chumba ulifunguka. Binti yangu alisimama pale, nywele hazijaguswa na kitana siku nyingi.

"Msimcheke Bibi," alisema. "Na mimi niko vivyo hivyo, kama huyo wa tivii."

Nilitamani ardhi inimeze, si kwa aibu ya wageni, bali kwa ile dawa ya minyoo. Jirani ndiye aliyejua la kufanya. Alimimina uji.

"Ndoo hapa, mwanangu," alimwambia. "Keti nami, uji usipoe."

Binti yangu alikunywa huku akilia, na kilio chenyewe hakikuwa kizuri kama cha tivii, kilikuwa na makamasi. Mimi nilimshika mguu tu, maana ndio niliokuwa karibu nao.

Sasa twaenda kwa mshauri hospitalini, na Mama humsomea jioni. Wa tivii alipona kwa vipindi viwili, jambo lililomuudhi sana binti yangu. Ugonjwa wake haujesha. Kuna siku ala, kuna siku sahani yarudi.

Juzi tulikuwa tukitazama tamthilia nyingine, sote watatu. Kijana mmoja akamwambia mamake kwamba hataki tena kuishi. Mama akakohoa, na mkono wangu ukazima sauti wenyewe.

"Nani kakwambia uzime?" Mama aliuliza.

"Si umekohoa?"

"Nimepaliwa na kahawa. Rudisha sauti, tumsikie mtoto yuwasemaje."