Nyumba ya Mlango Mwekundu Kwenye Kona ya Kioo

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko wangu. Herufi zangu huinamia upande mmoja kama migomba iliyopigwa na mvua, na nikiandika haraka nasahau nusu ya neno. Niliacha shule darasa la sita. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Pale nilipokosea tahajia, someni kwa sauti, mtasikia nilichotaka kusema.

Nataka kueleza habari ya nyumba moja. Ilikuwa nyumba nyeupe yenye mlango mwekundu na theluji juu ya paa, na ilikaa kwa wiki kadhaa kwenye kona ya chini ya kompyuta ya mjomba wangu, hapa mtaani kwetu Bwiza. Mimi ndiye niliyeikaribisha.

Mjomba ana sekretaria, chumba kimoja kinachotazama barabara, ambamo watu huja kuandikiwa barua, kutoa fotokopi na kufungua imeili zao. Yeye huongea na watu, mimi hukaa na mashine. Ndivyo tulivyogawana, kwa sababu mtu akinisemesha ghafla maneno yangu hurudi nyuma, na huwa nasema ndiyo ili tu aache kunitazama. Kwa mashine sikuwa na haya. Mchana baada ya mvua, mwanga ulikuwa unaruka kutoka kwenye madimbwi ya barabarani, unaingia mlangoni na kutikisika darini. Nilikuwa nahisi chumba kizima kiko chini ya ziwa, na kompyuta ni samaki mkubwa mzee anayepumua polepole kando yangu.

Siku moja walikuja watu wa harusi. Walitaka kadi za mwaliko zenye herufi za kupindapinda, na Mjomba alikuwa ameenda kuswali Alasiri. Nilitafuta kwenye intaneti programu ndogo ya herufi nzuri, nikaipata. Kabla haijashuka, ukurasa uliniuliza kwa Kifaransa kama naukubalia kunitumia habari. Chini ya swali palikuwa na vifungo viwili: Autoriser, yaani ruhusu, na Bloquer, yaani zuia.

Nielewe, msomaji. Kwetu mtu akipiga hodi humfungii mlango usoni. Unasema karibu, hata kama humjui, hata kama sufuria imeshapanguswa. Akishakaa ndipo unamuuliza shida yake. Nilifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma. Ukurasa ule ulikuwa umepiga hodi kwa adabu na ulikuwa unangoja. Nikabonyeza Autoriser. Ukaja mwingine, nao ukapiga hodi, nikaukaribisha. Nadhani siku ile nilisema karibu mara saba au nane, na kila mara nilijiona mtoto mwenye malezi.

Kadi za harusi zilitoka vizuri. Kesho yake madirisha yakaanza.

Yalikuwa yanapanda kutoka kona ya chini, upande wa kulia, bila mtu kugusa kitu. Viatu. Dawa ya magoti. Mwanamke anayecheka peke yake. Wakati mwingine ukurasa mzima ulifunguka wenyewe juu ya barua ya mteja, na Mjomba alikuwa anaufunga upesi huku akimwomba mteja radhi. Alidhani mashine imepata joto. Aliifungua mgongo, akapuliza vumbi, akasoma na dua ndogo. Sikuunganisha bado hodi zile na madirisha haya, au labda niliunganisha na sikutaka kujua.

Na katika yote, ile nyumba nilikuwa naipenda. Ilikuwa inapanda taratibu, kama mtu anayechungulia dirishani kuona kama umeamka. Theluji yake haikuyeyuka. Nilikuwa naitazama mpaka inashuka yenyewe, nikijiuliza nyuma ya mlango ule wanakula nini.

Kila Jumanne na Ijumaa alikuwa anakuja mama mmoja kutoka upande wa Uvira, Kongo. Alivuka mpaka wa Gatumba kama mkimbizi na watoto wake watatu miaka mingi iliyopita. Sasa anakaa mtaa wa Kinama, na kule Carama alipewa na bibi mmoja kipande cha shamba alime. Anauza sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa hiyo mtaani wanamwita mama wa sombe. Aliomba zamani kuhamishiwa nchi nyingine, na jibu lake lilikuwa lije kwa imeili. Hasomi. Mimi nilikuwa nafungua sanduku lake la barua, naangalia, natikisa kichwa. Naye alikuwa ananiambia, "Asante, papa," maana wamama wa Kongo humwita kijana papa, kisha anaondoka na beseni lake. Tulifanya hivyo muda mrefu sana bila kuongezeana neno.

Jumanne moja, kabla sijatikisa kichwa, nyumba ikapanda kwenye kona. Safari hii ilikuwa na maandishi: pongezi, na kwamba dossier yako, yaani faili la maombi yako, imekubaliwa.

Mama wa sombe hasomi, nimesema. Lakini kuna neno moja ambalo wakimbizi wote wanalijua hata kwa sura, kwa sababu limeandikwa juu ya kila bahasha wanayobeba. Kwao dosie si karatasi. Wanasema dosie yangu inalala, dosie yangu imeamka, kama watu wanaouguza mgonjwa. Aliliona neno lile. Aliweka kidole juu ya kioo.

"Papa," alisema, "hiyo si dosie?"

Nikasema ndiyo. Neno lilikuwa dosie, sikusema uongo. Lakini hakuniuliza neno, na mimi nilijua hivyo.

Akavuta kiti akakaa. Hakupiga kelele wala vigelegele. Alitazama nyumba, machozi yakashuka bila uso wake kubadilika. Kisha akaniomba nifungue. Ukurasa ulitaka namba ya kitambulisho chake, picha ya uso, picha za watoto na namba ya simu. Hakuwa na karatasi siku ile. Alisema ataleta zote Ijumaa, na Jumamosi atapanda Carama kumrudishia bibi shamba lake, ili lipate mtu mwingine kabla ya msimu wa kupanda, maana si vizuri kukalia shamba la mtu huku wewe unasafiri. Nilitaka kumwambia angoje kidogo. Nilifungua mdomo, nikasema, "Sawa, mama."

Usiku ule ndotoni niliona theluji inaanguka juu ya sombe.

Jumatano nilichukua daftari. Kwa sababu naandika polepole, siwezi kuandika mengi, kwa hiyo niliandika mambo mawili tu: dirisha limetokea, na nilikuwa nafanya nini. Sanduku la barua la mama likiwa limefungwa, nyumba ilitokea. Nikiwa naandika barua ya mtu wa bima, ilitokea. Nilipochomoa modemu, kile kifaa cha intaneti, haikutokea hata mara moja. Basi haikutoka katika barua zake. Chini ya picha kulikuwa na anwani ya herufi ndogo zisizo na maana, nikainakili herufi moja moja, nyumba ikipanda na kushuka mara nne kabla sijamaliza.

Alhamisi Mjomba alikuwa anaandika tangazo la msiba, na nyumba ikampandia yeye: pongezi, dossier yako imekubaliwa. Akavua miwani.

"Dosie gani?" aliniuliza. "Mi nimezaliwa Bwiza. Baba yangu amezikwa hapa. Nani huyo ananihamisha?"

Akamwita fundi wa simu wa mlango wa pili, ambaye alisimama mlangoni akitafuna karanga na kusema mashine yetu imeolewa na majini yanayojua Kifaransa. Mjomba akamwambia majini yangekuwa na adabu kuliko yeye. Fundi akasema ni virusi, tumpe afute vyote aanze upya. Mjomba akakataa, mle ndani mna barua za mtaa mzima. Fundi akatema ganda, akatazama kioo kwa muda, akasema jambo lililoniingia mpaka miguuni.

"Madirisha haya hayakubomoa ukuta. Kuna mutu aliyafungulia."

Walipotoka kwenda kunywa chai, niliingia ndani ya kivinjari, ile programu inayofungua kurasa za intaneti, nikapita kwenye paramètres zake, yaani mipangilio, ambako sikuwahi kufika. Nilisoma kila mstari kwa kidole. Nikakuta orodha ya kurasa zilizoruhusiwa kunitumia habari. Zilikuwa zile "karibu" zangu zote, zimekaa pale kwa mpangilio kama wageni kwenye mkeka. Nilizilinganisha na daftari, herufi kwa herufi, na ya tano ilikuwa ile anwani ya nyumba.

Mjomba aliporudi nilimweleza yote, nikitazama sakafu. Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo we umekaribisha wezi kwa heshima," alisema. "Ungewapa na maji ya kunawa." Kisha akaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye habari ya mama wa sombe. Akauliza anakuja lini. Nikasema kesho. Akasema yeye atamwambia. Nikashangaa kusikia sauti yangu ikisema, "Apana, Mjomba. Ni mimi."

Niliondoa ile programu ya herufi, maana ndiyo iliyokuwa inafungua kurasa nzima. Nikazuia kurasa zile moja moja. Ya tano niliiacha. Sikuweza kumvunjia mtu nyumba akiwa hayupo.

Ijumaa alikuja amevaa kitenge cha kanisani, watoto watatu nyuma yake wamechanwa nywele na kupakwa mafuta. Karatasi zake zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya mfuko mwingine. Nilimpa kiti. Mikono yangu nikaikalia.

"Mama, usitoe karatasi," nilisema. "Hii si jibu lako. Haikujui. Hata Mjomba imemwambia hivyo hivyo."

Aliushika mfuko wake kwa mikono miwili. Watoto walikuwa wanatazama kompyuta, samaki wangu mzee, akipumua.

"Lakini imeandika dosie," alisema.

"Inamwandikia kila mutu. Mi ndiye niliyeifungulia mlango, mama, sikujua. Na Jumanne nilikuona unalia, nikanyamaza. Nisamehe."

Tukangoja pamoja, wote watano, na baada ya muda nyumba ikapanda kwenye kona, nyeupe, mlango wake mwekundu. Alisogeza uso karibu na kioo. Aliichunguza kama anavyochunguza majani sokoni kabla ya kununua fungu.

"Angalia pale chini," alisema polepole. "Hakuna alama ya miguu. Mutu akikaa mu nyumba lazima atoke, hata kuchota maji. Hapo hakuna mutu."

Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa namsomea, na siku ile yeye ndiye aliyenisomea. Nilikuwa nimeitazama theluji ile wiki zote hizo na sikuona.

Nilimwonyesha neno Bloquer, nikamwambia maana yake. Aliniomba nimshikie mkono juu ya kipanya, kisha akasema hapana, ataweza. Akabonyeza mwenyewe. Nyumba ikashuka chini ya kioo na haikupanda tena. Nikafungua sanduku lake la kweli. Hakukuwa na kitu. Nikatikisa kichwa kama siku zote, naye akasema, "Asante, papa," lakini safari hii aliweka kiganja juu ya kichwa changu kabla ya kuondoka.

Jumamosi alipanda Carama, na bibi yule hakuambiwa lolote ila kwamba mbegu zipo na atalima. Msimu ulipofika alituletea mahindi mabichi matano, akayaweka juu ya mashine ya fotokopi. Bado anakuja Jumanne na Ijumaa. Mimi bado naona haya, lakini ukurasa ukipiga hodi sasa nauuliza kwanza ni nani.

Nimemaliza, na mkono unauma. Kama wewe uliyesoma uliwahi kumkaribisha mtu usiyemjua, au ulilazimika kumwambia mtu unayempenda kwamba jibu lake halijafika, niandikie. Andika hata kwa mwandiko mbaya. Nitasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na nitajibu, ingawa jibu litachelewa.