Edah na Mfalme Aliyekatwa Kichwa

Edah hakuwa na muda na watu wa kujisifia ukoo. Miaka yote aliyohudumia wazee kule Harborne, Birmingham, amewaogesha wajukuu wa wafalme mpaka amewachoka. Kila mzee akivuliwa soksi, anakumbuka babu yake alikuwa na ngome. Mfalme aliyemwachia mjukuu jina tupu na miguu yenye fangasi, Edah alimwona si lolote si chochote.

Mwenyewe alitaka jambo moja tu. Tangu azikwe mumewe, Otieno, alikuwa akimsubiri mjukuu wa kiume wa kulirithi jina hilo. Sasa binti yake Cheryl amejifungua, na Jumapili hii baba mkwe wa Cheryl, Fergal O'Rourke, amekuja kumwona mtoto. Fundi wa plasta mstaafu, mzaliwa wa Birmingham, Ireland anaijua kwa likizo tu. Lakini hata chai hajamaliza, keshaanza.

"Hiyo O ya O'Rourke maana yake ni mjukuu. Wajukuu wa Ruarc, aliyeishi zaidi ya miaka elfu iliyopita. Tukatawala nchi ya Breifne, huko Ireland."

"Mkatawala nini hasa? Ng'ombe?"

"Ng'ombe wengi!" Fergal akajibu kwa fahari, wala hakujua anachekwa.

"Wenu, au wa kuiba?"

Fergal hakuyumba. Akamsimulia habari za Tiernan O'Rourke, mfalme wa Breifne, ambaye mkewe alichukuliwa na mfalme jirani, wa Leinster, pamoja na ng'ombe. Baadaye yule wa Leinster akafukuzwa, akaenda ng'ambo kuleta askari wa Kinormani, na hao wakanogewa, wakabaki. Tiernan alipokwenda kuzungumza nao, wakamuua, wakamkata kichwa na kukitundika juu ya lango Dublin.

"Na hilo, Tiernan, ndilo jina la mtoto wetu," akamaliza, machozi yakimlengalenga.

Edah aliweka kikombe mezani. Kwao Wajaluo mtoto hupewa jina la marehemu, lakini si marehemu yeyote tu: aliyekufa vibaya hatajwi kwa mtoto. Na huyu mpumbavu anajua habari yote, kichwa na lango, na bado analia kwa furaha!

"Ameshindwa kulinda mke," akasema kwa Kiingereza cha taratibu ili asikike vizuri, "ameshindwa kulinda ng'ombe, mwisho hata kichwa chake! Balaa hilo halimgusi mjukuu wangu. Ataitwa Otieno."

Cheryl, ambaye tangu utotoni Kiswahili hukisikia na kujibu Kiingereza, safari hii alijibu kwa Kiswahili, polepole.

"Mum, Dad alikufia wapi?"

Edah akaanza kukusanya vikombe.

"Watu wa kanisa uliwaambia ni kazini. Lakini mimi ndio nilienda Castle Vale kutambua mwili. Alikuwa kwa kitanda ya yule mwanamke wake wa pembeni. Na wewe ndio ulinifundisha, mtu akikufa vibaya, jina yake hatupei mtoto."

Fergal aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Anasemaje?"

Edah alimgeukia. Kudharau watu kulikuwa kumemwishia.

"Anasema," akamjibu, "Tiernan ni jina zuri."