Aliyemdhamini Mama wa Kongo

Miaka ya tisini, baada ya kumaliza kidato cha nne na kukosa kazi, nilikuwa karani wa chama cha akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, kwetu Karungu kando ya Ziwa Victoria. Chama kilikopesha pesa za kununulia omena ufuoni, lakini kila mkopaji alitakiwa awe na mdhamini mwenye boma, yaani nyumba na ardhi, la kuweka rehani.

Siku moja alikuja kuomba mkopo mama aliyekimbia vita Kongo. Alipanga chumba kwa mwenyekiti wetu, nyanya mmoja mpole. Benki ya mjini ilimrudisha mlangoni kwa kukosa kitambulisho. Alikuwa akianika omena za wengine na kulipwa bakuli moja jioni. Sasa alitaka kuanika zake.

“Akipanda boti aende Mwanza, tutamfuata na nini?” aliuliza mama mmoja mnene ambaye soko zima liliuogopa mdomo wake. “Mimi siogelei.”

Wakacheka. Mgeni alitazama miguu yake.

“Mtoto wake tulimzika nyuma ya jiko langu,” nyanya alisema taratibu. “Mama gani atamwacha mtoto wake? Mtoto huyo anatosha kuwa mdhamini.”

Nilishaanza kuandika.

“Hapana, mama,” mgeni akasema. “Mtoto wangu siwezi kumweka rehani. Afadhali nianike za wengine.”

Akafunga kitenge chake vizuri, akatoka. Yule mama mnene aliinuka kwa shida, akamfuata uani. Tulimsikia akimwita kama wake wote walioolewa kwetu wanavyoitwa, nyar, yaani binti, wa kule walikozaliwa.

“Nyar Kongo! Rudi ukae. Huu mdomo wangu hata mimi unanichosha.”

Walirudi wameshikana mikono.

“Andika mimi,” aliniambia. “Boma langu.”

“Umemuuliza mzee wako?” mwanachama mwenzake akamtania.

“Nitamwambia akishashiba.”

Mwaka uliofuata aliyeondoka Karungu ni mimi, niliyezaliwa pale. Nimekaa Kisii, Nakuru, Mombasa, na kila mahali nilihisi kwamba kwingine ni kuzuri zaidi. Niliporudi mara ya kwanza niliwakuta wawili hao wakianika omena kwenye wavu mmoja, wakigombana nani hakuzigeuza asubuhi.

“Na wewe,” yule mnene akaniuliza, “huko unakozunguka, nani anakudhamini?”

Nilivua viatu, nikainama kuwasaidia kugeuza.